Nani amekula luku?

Luku tayari inaonyesha yuniti. Plagi janja ya kupima umeme inaongeza nini?

Luku inahesabu nyumba nzima. Umeme ulionunuliwa Jumatatu ukiisha Ijumaa, itakwambia umeisha, mlaji haitamtaja. Plagi ya kupima hukaa kati ya soketi na kifaa kimoja, ikahesabu yuniti za kifaa hicho peke yake. Faida yake inatokana na bei. Katika kundi la D1 la matumizi madogo ya nyumbani, yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazofuata ni 350. King'amuzi kinachovuta wati 10 usiku na mchana kinafikisha yuniti 7.2 kwa mwezi: shilingi 720 kwa nyumba iliyo chini ya mpaka, 2,520 kwa iliyokwisha kuuvuka.

Wati zimeandikwa nyuma ya friji. Kwa nini nisizidishe kwa saa 24?

Kwa taa na feni, zidisha tu kwa saa zinazotumika. Friji linawaka na kuzima lenyewe, na kwa joto la Handeni, mpira wa mlango ukilegea, mota hupumzika kidogo sana. Lipime siku saba. Tuseme limekula yuniti 1.2 kwa siku. Hizo ni 36 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 75. Badilisha mpira, lisogeze mbali na ukuta, upime wiki nyingine, ndipo utajua kama hela ya fundi itarudi. (Friji gadi haikusaidii hapa. Inalinda, haihesabu.) Anayeuza barafu na juisi nyumbani ana sababu kubwa zaidi ya kupima, maana bila namba hiyo hajui bei ya bidhaa yake mwenyewe.

Tuko wapangaji wanne, luku moja, na mwenye friji ni mmoja. Plagi itamaliza ugomvi?

Itauhamisha, na hilo ni jema. Mwenye friji atachangia kwa namba, si kwa makisio ya jirani. Mtu anaweza kuichomoa plagi usiku, ndiyo. Kwa hiyo inafaa kwa watu walioafikiana, haifai kuwa askari. Lakini tazama hesabu yenyewe. Kila chumba kikitumia yuniti 30, jumla ni 120. Kwa bei zile za D1, 75 za mwanzo ni shilingi 7,500, na 45 zilizobaki ni 15,750. Jumla 23,250. Kila mmoja angekuwa na luku yake, wote wanne wangelipa 12,000. Friji linalaumiwa, kumbe kinachowaumiza ni kugawana yuniti nafuu za nyumba moja. Mwenye nyumba atasema kuunganisha mita mpya ni gharama, na ni kweli. Sasa mna 11,250 za kila mwezi za kuweka mezani kando ya gharama hiyo.

Je, kama nyumbani hakuna intaneti?

Chukua yenye kioo. Inasomeka bila simu. Moja inatosha, ihamishe kifaa hadi kifaa, na majirani waazimane. Nyumba yenye taa tatu na redio haiihitaji kabisa. Angalia pia ampea: ya ampea 10 inabeba takriban wati 2,300, kwa hiyo hita kubwa ya maji isichomekwe humo.