Magunia Matatu na Hati Moja: Mafunzo Niliyopata Tukijenga Laela

Wengi wanaojenga Laela siku hizi hawana mkandarasi. Wanajenga kwa mahindi, kwa maharage, kwa mshahara unaokatwa kidogo kidogo, na wanajenga wawili, mume na mke. Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami, na makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga yahamie hapa, viwanja vimepanda thamani na misingi inachimbwa kila upande. Mimi nauza maharage. Mume wangu ni mwalimu, na kama walimu wengi wa huku, ni mkulima pia. Tumejenga na bado tunacheka pamoja. Nayaandika haya kwa ajili ya wanandoa ambao mwaka huu ndio wanafyatua tofali.

1. Ugomvi mwingi unatoka kwenye msimu

Uwanda wa juu wa Ufipa, tunakoishi, uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kujenga ni kiangazi. Lakini kiangazi hichohicho ndicho cha kuvuna na kuuza mahindi, na pesa ya mahindi ndiyo pesa ya nyumba. Ukiuza Julai, wakati kila kaya imejaza stoo, bei iko chini. Ukisubiri ipande, mvua inakukuta kuta ziko wazi, hazina bati. Katikati yake kuna Oktoba, mbolea ya kupandia inatakiwa, na asiyepanda vizuri mwaka huu hana cha kujengea mwakani. Sasa wakalishe mume na mke mbele ya hesabu hiyo. Mmoja anaona bati, mwingine anaona mbolea, na kila mmoja anaanza kumwona mwenzake mbishi.

Kwetu sauti zilishuka tulipokubali kwamba hakuna mbishi, ni msimu unaotuvuta huku na huku. Mume wangu alichukua kalamu nene ya wino akaandika kwenye magunia yenyewe, palepale stoo: CHAKULA, MBOLEA, NYUMBA. Ya chakula hayaguswi hata fundi akilala mlangoni. Ya mbolea yanauzwa mapema kwa bei yoyote iliyopo, kwa sababu shamba halisubiri. Ya nyumba ndiyo tunayoweza kubishana yauzwe lini. Anayetaka kuhamisha gunia kutoka rundo moja kwenda jingine anamwambia mwenzake sababu, kisha anafuta maandishi mwenzake akiwepo. Kuna gunia moja lililofutwa na kuandikwa hadi herufi hazisomeki, lakini hakuna aliyeambiwa usiku wa manane kwamba amekula pesa ya bati.

2. Tanuri lichomeni pamoja

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, na mabaki ya baadhi yake bado yamesimama maporini. Kazi ile ilikuwa ya wanaume, na wakati wa kuifanya walitakiwa kujitenga na wake zao. Tanuri ya tofali nadhani iwe kinyume chake.

Mvua zikikatika udongo unachimbwa karibu na maji, unakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, unafyatuliwa, na tofali zinafunikwa nyasi ili jua lisizipasue. Zikikauka zinapangwa, midomo ya moto inaachwa chini, nje panakandikwa udongo, halafu moto unachochewa mchana na usiku. Kuni ndizo zinazouma. Nchi yetu ni ya nyasi, miti ni michache, hivyo unanunua mikaratusi ya watu kwa tripu, na bei unaisikia mwilini. Ndiyo maana sikutaka kumwachia kibarua usiku ule. Moto ukilegea saa nane usiku, tofali hazitaiva, na kuni zimekwisha.

Tulikaa wote wawili, blanketi moja, mahindi ya kuchoma kwenye mdomo wa tanuri. Mambo ambayo tulikuwa hatujayasema tangu tuoane, deni la kaka yake, hofu yangu ya kuhamishwa kwake shule, tuliyasema pale, kwa sababu hakuna pa kwenda na hakuna wa kusikiliza. Tanuri ilipofunguliwa tulichagua tofali kwa kuzigonga mbili mbili. Iliyoiva hulia kama kengele. Zilizobaki mbichi, hasa za safu ya nje, hutoa sauti ya kufa, na hizo usiziweke ukuta wa nje kwenye mvua zetu. Tulizitumia kugawa vyumba ndani.

3. Fundi asikie sauti moja

Fundi si mtu mbaya. Ila akisikia mama anasema dirisha liwe huku na baba anasema liwe kule, atafanya analolitaka yeye, na kila atakayeuliza ataambiwa, “Mwenzako ndiye aliyesema.” Kwa hiyo saiti anaongea mmoja. Kwetu msingi, kenchi na bati vilikuwa vya mume wangu. Jiko, stoo, maji na choo vilikuwa vyangu. Ubishi wote ulifanyika nyumbani baada ya watoto kulala.

Ubishi mkubwa ulikuwa jiko. Yeye aliona ramani yenye jiko la ndani, zuri, lenye kabati. Nikamwambia, “Baba watoto, Juni inakuja.” Anayeijua baridi ya Ufipa anaelewa. Jioni ya Juni familia nzima iko kwenye moto wa kuni, na ugali wa watu wengi hausongwi kwenye jiko dogo la gesi. Alifikiri siku kadhaa. Jiko la nje lilijengwa mapema, kwa tofali za kuchoma na bati, na kile chumba cha ndani kikawa stoo ya magunia mpaka hapo tutakapoweza. Nilimheshimu zaidi kwa zile siku alizochukua kufikiri kuliko kama angekubali palepale.

Na upande wake sikuingilia. Aliposema kenchi zifungwe kwa waya hadi kwenye ukuta, pesa ikaongezeka, nilinyamaza. Upepo wa huku mvua zinapoanza huezua mapaa.

4. Daftari moja, kalamu mbili

Kila aliyetoa pesa aliandika mwenyewe: mifuko ya saruji, nondo, tripu ya mchanga, chakula cha mafundi. Hiki cha mwisho wanaume wengi hawakihesabu. Fundi alilipwa kwa hatua, msingi, boma, linta, kupaua, na kila hatua alisaini. Hapo sina mengi ya kuongeza.

5. Jina kwenye hati lizungumzwe kabla ya msingi

Hili ndilo lililonichukua ujasiri, na ndilo ninalowaomba wanawake wenzangu wasiliahirishe.

Watu husema sheria inamlinda mwanamke. Inamlinda, lakini ijueni inavyofanya kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi ule umewabeba wanawake wengi hadi leo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona mume alikwisha kumpa pesa za biashara akazitapanya. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 161 kinasema mwenzi akipata ardhi kwa ajili ya matumizi ya wote wawili, inachukuliwa kuwa ni ya wote, isipokuwa kama hati inaonyesha wazi kwamba mmoja anaichukua kwa jina lake peke yake. Soma tena hiyo “isipokuwa”. Mstari mmoja wa hati unaweza kukupeleka mahakamani miaka mingi kuthibitisha kwamba na wewe ulibeba maji ya kukandia udongo.

Nililianzaje? Sikulianza kwa habari ya talaka. Nilimwuliza, “Ukitangulia wewe, nani atakuja kuniambia nihame? Na nikitangulia mimi, ndugu zangu watakuja kudai nini kwako?” Alikaa kimya muda mrefu. Katika ukoo wake alikwisha kuona mjane akitolewa na watoto. Kesho yake ndiye aliyeniamsha twende ofisi ya ardhi, na fomu ikajazwa majina mawili. Baada ya hapo nilimwaga mtaji wangu wa maharage kwenye saruji bila moyo kusita.

6. Jumapili isiwe ya ujenzi

Baada ya misa hatutaji tofali, fundi wala deni mpaka jua lizame. Tukienda kumsalimia mama mkwe, naye ana maoni yake kuhusu mlango unakoelekea, tunasema, “Tumesikia, mama,” tunakula, tunarudi. Wiki ambazo pesa ilikatika kabisa ni siku hiyo iliyotukumbusha kwamba tulioana kabla ya kuwa na kiwanja.

7. Kubalianeni mtahamia lini

Ukingoja nyumba iishe, utalipa kodi mpaka watoto waoe. Ukihamia mapema mno, upepo wa Julai utapita kwenye madirisha ya turubai na wote mtakohoa. Tuliandika vinavyotakiwa tu: bati, milango yenye kufuli, choo, madirisha kamili kwenye vyumba vya kulala. Lipu, dari na sakafu ya sebule vikasubiri. Wageni walishangaa kuta za tofali tupu, tukawakaribisha chai.

Sasa mume wangu anataka dari, kwa kuwa baridi inashuka moja kwa moja kutoka kwenye bati. Mimi nataka mifereji na tangi, maana mvua ya miezi sita inamwagika uani huku tunachota maji mbali. Tumeafikiana dari ianze na chumba cha watoto, na mifereji ianze na upande wa jikoni, zikitoka pesa za maharage. Fundi tumemwambia aje Jumatatu.