Waya wa Mtandao Ofisini: Chagua Vizuri Kabla Ukuta Haujafungwa

Unatengeneza ofisi au duka jipya? Kompyuta ya kaunta, printa ya risiti, kamera na ruta ya wifi mara nyingi hutegemea waya wa mtandao. Waya ukisumbua, foleni inasimama hata kama mteja ana pesa kwa simu.

Swichi na ruta unaweza kubadilisha kwa muda mfupi. Waya ulio ndani ya ukuta si hivyo: kuutoa ni kubomoa, kupiga plasta na kupaka rangi upya. Ndiyo maana tunasema, ukibana matumizi, usibane hapo.

Aina za kawaida ni hizi:

- Cat5e: gigabiti 1 kwa sekunde, hadi mita 100.
- Cat6: gigabiti 1 hadi mita 100, na gigabiti 10 kama umbali hauzidi mita 55 hivi.
- Cat6A: gigabiti 10 hadi mita 100. Ni mnene zaidi na bei iko juu.

Kwa duka au ofisi ndogo, Cat6 inatosha leo na kesho. Kama jengo ni kubwa na unapanga kukaa miaka mingi, fikiria Cat6A. Na kama tayari una Cat5e nzima, usiing'oe: tangu 2016 kuna kiwango kinachoiwezesha kubeba gigabiti 2.5, ukibadilisha vifaa pekee.

Kabla ya kumlipa fundi, hakikisha mambo haya:

1. Waya ni shaba tupu. Kwarua ncha kwa kisu. Ikitoa rangi ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni bei rahisi, lakini hukatika upesi na hupata moto zaidi inapopeleka umeme kwa kamera.
2. Paipu ina nafasi, na kamba ya kuvutia waya mwingine imeachwa ndani.
3. Kila kaunta ina nyaya mbili, hata kama leo unatumia mmoja.
4. Nyaya za mtandao hazipiti paipu moja na za stima.
5. Kila waya umeandikwa namba ncha zote mbili na kupimwa.

Fundi akikuambia "zote ni sawa tu", mwambie apime ukiona. Plasta ipigwe baadaye.