Baridi ya Kapchorwa na Sababu Yake

Wengi wetu hapa Butula tukisikia Uganda tunadhani ni joto tu kama la Malaba. Sivyo! Likizo ya Agosti nilimsindikiza mjomba Kapchorwa, kupitia Tororo na Mbale. Gari lilipoanza kupanda Mlima Elgon, mvua nayo ikaanza. Kufika Sipi natetemeka kama kifaranga, na sweta nililiacha nyumbani. Mjomba alinicheka sana.

Sababu ni hii. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 hivi. Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hulazimika kupanda. Ukipoa, mvuke hugeuka mawingu, kisha mvua. Ndiyo inayolisha maporomoko matatu ya maji ya Sipi na kahawa ya Wasabiny, ambao ni ndugu za Wasabaot wetu.

Lakini mvua hiyo hiyo huua. Tarehe 1 Machi 2010, udongo uliolowa uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, Bududa, kwenye mlima huo huo. Miti ikikatwa, hakuna mizizi ya kuushika udongo. Tukirudi niliona mashamba yamelimwa mpaka ukingoni mwa genge. Nikauliza kama wenyewe hawaogopi.

"Sasa wahamie wapi," mjomba akasema, "na shamba ndilo hilo?"