Majengo ya Kale kama Chanzo cha Historia: Boma la Kale, Dar es Salaam

Swali: Kwa kutumia jengo moja la kale, eleza jinsi majengo yanavyosaidia kuandika historia ya Tanzania.

Mtahiniwa, usikimbilie kutaja Kilwa Kisiwani, Kaole na Bagamoyo kwa mkupuo kisha ukaishiwa. Swali linataka jengo moja. Ukiwa Dar es Salaam, shuka Feri, fuata barabara ya ufukweni kuelekea bandarini. Utapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukivuka eneo la boti za Zanzibar, kwenye makutano ya Barabara za Sokoine na Morogoro, ndipo lilipo Boma la Kale.

Anza na ukuta. Ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba za Mji Mkongwe, na mlango wake ni wa mbao zilizonakshiwa. Hivyo jengo lenyewe linakuelekeza Zanzibar. Lakini mtindo peke yake hautoi tarehe. Hapo unahitaji maandishi. Yanaeleza kuwa lilijengwa takriban mwaka 1866 hadi 1867, Sultani Majid bin Said alipokuwa akijenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima.

Majid alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Barghash, hakuuendeleza mji huo. Wajerumani waliingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu kutoka Bagamoyo. Jengo la Sultani hawakulibomoa, walilifanya ofisi. Hapa ndipo penye alama nyingi, na ndipo wengi wanapoparuka. Kuta ni zilezile, mwenye mamlaka amebadilika. Hata jina ni ushahidi: watu waliita "boma" ofisi ya serikali ya kikoloni.

Leo ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, chenye maonesho kuhusu ukuaji wa jiji. Nenda ukaone, ni afadhali kuliko kukariri.

Taja pia udhaifu wa chanzo hiki. Ukuta haukutajii waliochimba mawe wala waliochoma chokaa, wala kama walilipwa. Kwa hilo utahitaji masimulizi na nyaraka.

Zoezi: Chagua jengo la kale katika wilaya yako. Nani alilijenga, nani alilichukua baadaye, na nani analitumia sasa? Andika aya tatu.