Boksi la Kulea Vifaranga: Litengenezwe Kabla ya Kununua

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitunzia joto la mwili. Asipokuwa chini ya bawa la mama yake, hutegemea boksi aliloandaliwa. Mnunuzi anayechukua vifaranga asubuhi na kuanza kutafuta taa jioni anaweza kupoteza baadhi yao usiku huohuo, na itakuwa vigumu kumdai muuzaji. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuliandaa boksi mapema na kwa usalama.

Vipimo na vifaa

Kwa vifaranga 20, boksi lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60 linatosha kwa wiki nne za mwanzo. Mbao zilizotumika zinafaa, mradi hazina misumari iliyochomoza wala rangi inayobanduka. Ziba pembe nne kwa vipande vya ubao, kwa kuwa vifaranga wakiona baridi hulundikana pembeni na kukosa hewa. Funika juu kwa wavu ili kuzuia paka na panya.

Tandaza maranda yenye kina cha sentimita 5. Usitumie vumbi la mbao, kwani vifaranga hulidonoa kama chakula, wala magazeti matupu, ambayo huteleza na kuwaharibu miguu. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi na kiwekewe kokoto safi ili kifaranga asizame.

Joto

Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha lipunguzwe kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Weka taa upande mmoja ili vifaranga wapate pa kukimbilia joto likizidi.

Uwe makini unaponunua balbu. Balbu za LED huokoa umeme kwa sababu hazitoi joto jingi; kwa sababu hiyohiyo hazifai kwa kazi hii. Ulizia balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60 au zaidi. Itundike kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na isiguse wavu, mbao wala maranda, kwani inaweza kuwasha moto.

Hata ukiwa na kipimajoto, watazame vifaranga wenyewe. Wakisongamana chini ya taa na kulia kwa nguvu, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, huenda upepo unapenya. Wakisambaa na kula kwa utulivu, joto ni sawa.

Tahadhari ya mkaa

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na watu. Kamwe usilaze watu katika chumba chenye jiko la mkaa, wala usifunge madirisha yote ya banda linapowaka. Umeme ukikatika kwa muda mfupi, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa husaidia.

Siku ya kununua

Washa taa siku moja kabla na uhakikishe joto halishuki usiku. Kwa muuzaji, chagua vifaranga wenye macho angavu, kitovu kilichokauka na miguu imara. Uliza walianguliwa lini na wamepewa chanjo gani, uandikiwe majibu hayo, kisha udai risiti na kuitunza. Vifaranga wakiugua siku za mwanzo, kumbukumbu hizo zitamsaidia mtaalamu wa mifugo, nawe utakuwa na ushahidi wa kuwasilisha malalamiko yako.

Usilipe fedha yako kabla boksi halijakamilika na kupata joto.