KUPUMZIKA NA MITANDAO YA KIJAMII: FUNZO KUTOKA KATIKA NGUO YA ABU JAHM

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi watukufu, katika somo la mwaka huu tumeonelea tuzungumzie jambo lililoingia karibu kila nyumba, nalo ni simu na mitandao ya kijamii. Hatukusudii kusema kwamba mitandao hiyo ni haramu. Kwa WhatsApp tunajuliana hali na jamaa walio mbali, tunapata habari za misiba na za harusi, na wapo wanaosikiliza darsa za masheikh. Swali letu ni hili: kitu cha halali kikianza kutushughulisha tukasahau ibada na masomo, Muislamu afanye nini?

KISA CHA NGUO YENYE MAREMBO

Bi Aisha (R.A.) amesimulia, na Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amevaa nguo yenye marembo, akayatupia jicho marembo yale. Alipomaliza Swala aliamuru nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na marembo, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imemshughulisha katika Swala yake. Katika mapokezi ya Imam Malik imeelezwa kuwa Abu Jahm ndiye aliyempa Mtume nguo ile kama zawadi.

Tutazame mambo manne ndani ya kisa hiki:

1. Nguo ile haikuwa haramu. Iliondolewa kwa sababu ya kushughulisha tu.
2. Mtume (S.A.W.) hakungoja. Aliyatazama marembo, akamaliza Swala, akaivua.
3. Hakuiweka pembeni yake. Aliitoa nyumbani kabisa.
4. Aliomba nyingine iliyo sahili mahali pake. Wanazuoni wamesema alifanya hivyo pia ili Abu Jahm asivunjike moyo akadhani zawadi yake imekataliwa.

Ikiwa Mtume wetu aliivua nguo kwa sababu ya mtazamo mmoja, sisi tufanye nini na simu inayotutoa katika Swala, katika kitabu na katika mazungumzo ya wazazi mara nyingi kwa siku?

KWA NINI NI VIGUMU KUIWEKA CHINI

Tusiwalaumu watoto peke yao. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Aza Raskin, alibuni mtindo wa ukurasa usiokwisha: ukivuta kwa kidole, mengine yanaongezeka chini, wala hufiki mwisho. Miaka ya baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokibuni.

Mwanafunzi wa Qur'ani anaielewa hatari hiyo upesi. Msahafu una alama za kusimama, una mwisho wa aya, mwisho wa sura na mwisho wa juzuu. Msomaji anajua mahali pa kuvuta pumzi. Ukurasa usio na kituo haukupi nafasi ya kujiuliza, "Je, imetosha?" Basi kituo hicho itabidi tukiweke sisi wenyewe.

HASARA TUNAZOZIONA

Ya kwanza ni wakati. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba neema mbili watu wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na nafasi. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani waliwalipa watu ili waache Facebook kwa wiki 4. Ilionekana kwamba kila mmoja alipata wastani wa saa 1 zaidi kwa siku, na hali ya nafsi zao ikawa njema kidogo. Saa 1 kwa siku 30 ni saa 30, na juzuu za Qur'ani ni 30. Msomaji aliyezoea humaliza juzuu kwa muda usiozidi saa 1. Maana yake ni kwamba katika saa hizo ipo khitma nzima kila mwezi.

Ya pili ni hifdhi. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachia huenda zao. Sisi walimu tunaliona jambo hili darasani. Mwanafunzi aliyekesha na simu anafika asubuhi akisinzia, na sura aliyoisoma vizuri wiki iliyopita inamponyoka katikati.

Ya tatu ni dhambi za vidole. Wapo wanaodhani kusengenya ni kwa mdomo tu. Anayeandika katika kundi la WhatsApp maneno mabaya juu ya mwenzake aliyeshindwa mtihani, au anayesambaza picha yake ya kumwaibisha, naye amesengenya. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, jambo hilo limefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Hata wenye WhatsApp, mwaka 2019, waliweka mpaka kwamba ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya makundi au watu 5 kwa mara moja, ili kupunguza uvumi. Muislamu alikuwa na mpaka wake tangu zamani.

NAMNA YA KUPUMZIKA

Tunapendekeza kuanza na siku 10. Mtume (S.A.W.) alikuwa akikaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, akajitenga na shughuli za watu kwa muda maalumu, kisha akarudi kwao. Hatusemi kuacha simu ni itikafu. Tunachukua adabu tu: kujitenga kuwe na nia, na kuwe na mwanzo na mwisho.

1. Weka nia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Usitangaze ili usifiwe.
2. Waage watu. Waambie jamaa na wenzako kwa upole kwamba hutakuwapo kwenye makundi kwa siku 10, na mwenye haja akupigie. Kuunga udugu ni wajibu, wala hakupumzishwi.
3. Iondoe kweli. Futa programu zile kwenye simu, au simu kubwa mkabidhi mama, utumie kitochi cha kupiga na kupokea. Hiyo ndiyo nguo isiyo na marembo.
4. Jaza nafasi. Katika utafiti ule, baadhi ya saa zilizopatikana ziliishia kwenye televisheni. Panga mapema: baada ya Alfajiri, kurudia hifdhi, baada ya Alasiri, kumtembelea mgonjwa au bibi, baada ya Isha, kulala.
5. Rudi kwa kipimo. Siku ya 11 jiulize ni kundi lipi lilikuwa na faida. Lisilo na faida, toka. Amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto hawezi kuweka simu chini ikiwa baba anakula huku anasoma ujumbe. Siku hizi 10 zifanywe na nyumba nzima, simu zikusanywe mahali pamoja kuanzia Magharibi. Tukumbuke pia kuwa WhatsApp na Facebook zenyewe zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Kumfungulia mtoto wa miaka 9 kwa kudanganya umri wake ni kumfundisha uongo kwa mkono wetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Mtume (S.A.W.) aliirudisha nguo ya Abu Jahm hali ya kuwa ni halali?
2. Taja hasara tatu za kuzama katika mitandao ya kijamii.
3. Eleza tofauti kati ya kupumzika na mitandao na kukata udugu.
4. Andika ratiba yako ya siku 10, mwonyeshe mzazi na mwalimu wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azijaalie nyoyo zetu ziwepo katika Swala zetu, avilinde vidole vyetu kama anavyozilinda ndimi zetu, na atubakishie Qur'ani vifuani. Amin.

Wabillahi tawfiq.