SOMO LETU: NYUMBA IPUMUE

Mwanakikundi akisema anataka kujenga, sisi wengine tunamwuliza maswali yale yale. Mawe umepata? Mabati ni mangapi? Fundi anataka pesa ngapi kwa siku? Ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza: hewa itaingilia wapi, na moshi utatokea wapi? Mimi pia sikuuliza, na nusura niizike jamii yangu.

Tulikuwa tukikaa Kinangop, katika nyumba ya mbao zile za pembeni zenye magamba. Mnajua baridi ya kule mwezi wa Julai. Jioni mama watoto akimaliza kupika, tulikuwa tunaingiza jiko la makaa chumbani, tunafunga mlango, tunalala. Tulifanya hivyo miaka sita na hatukuumwa hata kichwa. Baadaye nikapata pesa kidogo za pareto, nikajenga nyumba ya mawe. Nikamwambia fundi, "Ziba kila mahali, baridi imetuchosha." Fundi akaziba. Pale juu ya ukuta, ambapo mabati yanakutana na mawe, akajaza simiti. Madirisha tuliweka madogo, futi 2 kwa 2.

Julai ya kwanza tukaingiza jiko kama kawaida. Usiku mtoto alilia. Mama yake alipojaribu kuinuka, miguu ilikataa, akaanguka. Alitambaa mpaka mlangoni, akafungua komeo. Mimi mwenyewe sikumbuki kitu mpaka niliposikia baridi ya nje usoni. Kichwa kiliniuma siku mbili. Kwenye zahanati mhudumu aliniuliza swali moja tu: "Mzee, mlilala na jiko?"

Nyumba ya zamani, ile tuliyoilaumu kwa nyufa zake, ndiyo iliyokuwa inatulinda. Tulipohamia nyumba nzuri, tulibadilisha kuta lakini hatukubadilisha tabia.

Makaa yanapoungua mahali hewa ni haba, hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohoeshi. Ukivuta, inaingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa safi, hata mwili unakosa nguvu ya kuinuka. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala hapati hata onyo. Watu wengi husema, "Subiri jiko liwe jekundu, moshi uishe, ndipo uliingize." Huo ni udanganyifu. Moshi unaouona umekwisha, lakini gesi ingali inatoka, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kukuhakikishia usalama. Jiko la makaa halilali ndani. Mkimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, fungueni milango yote, mtoeni nje kwenye hewa, na mpelekeni hospitali hata kama ameamka na anasema yuko sawa.

Sasa tuje kwenye kujenga.

Kipimo cha madirisha ambacho mafundi wamefundishwa tangu zamani ni hiki: eneo la madirisha lisipungue sehemu moja kwa kumi ya sakafu, na karibu nusu ya hiyo iwe inafunguka. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni futi 120 za mraba. Sehemu moja kwa kumi ni futi 12, yaani dirisha la futi 4 kwa 3. Lile dirisha la 2 kwa 2 ambalo tunalipenda kwa kuwa bei yake ni ya chini ni futi 4 tu, thuluthi moja ya linalotakiwa. Tena chunguzeni dirisha la chuma kabla ya kulipa. Mengine ni makubwa kwa macho, lakini kinachofunguka ni kipande kimoja kidogo cha pembeni. Kioo kisichofunguka kinaleta mwanga, hakileti hewa.

Dirisha moja, hata likiwa kubwa, halisaidii sana kama hewa haina pa kutokea. Hewa ni kama mgeni, inataka kuingia hapa na kutoka pale. Wekeni nafasi katika kuta mbili, na ikiwezekana zinazoelekeana. Kama chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, acheni nafasi juu ya mlango wa ndani ili hewa ipite. Kabla ya kuchimba msingi, simama kwenye shamba asubuhi na jioni, washa nyasi kidogo, utazame moshi unaelekea wapi. Madirisha makubwa ya vyumba vya kulala yasitazame upepo mkali uso kwa uso, na jikoni kusiwe upande ambao upepo utarudisha moshi ndani ya nyumba.

Zaidi ya madirisha, kila chumba kinahitaji matundu ya hewa yasiyofungwa kamwe, kwa sababu usiku wa baridi madirisha yote yatafungwa, tusidanganyane. Matundu mawili yenye ukubwa wa tofali, juu karibu na paa, kwenye kuta mbili tofauti, yanatosha kuanzia kwa chumba cha kulala. Hewa moto yenye jasho na harufu hupanda juu na kutoka. Yakiwa juu hivyo, baridi haimpigi aliye kitandani. Ukiona asubuhi mabati yanadondosha maji kwa ndani na mvua haikunyesha, huo ni mvuke wa pumzi zenu umekosa njia. Nguo zitaota ukungu, na watoto wenye pumu watateseka.

Wale wa pande za joto kama Busia, Siaya na Kilifi watasema, "Kwetu nafasi ya juu ya ukuta ndiyo mlango wa mbu." Ni kweli. Mbu wa malaria hupenda sana kuingilia pale kati ya ukuta na paa. Lakini msizibe kwa simiti. Pigilieni wavu wa waya wenye matundu madogo, hewa ipite na mbu abaki nje. Wavu wa plastiki ni wa bei nafuu zaidi lakini panya huutafuna, na karibu na moto unayeyuka.

Basi, kama jiko halilali ndani, tutapataje joto? Hapa ndipo tunapopoteza pesa, kwa kuwa tunafikiria kuleta joto kabla ya kufikiria kulizuia lisitoroke. Joto hupanda, na mabati ni chuma chembamba. Mchana yanawaka, usiku yanaganda. Mwenye kuweka dari atasikia tofauti usiku ule ule. Si lazima iwe ya bodi za dukani. Nimeona dari ya magunia yaliyoshonwa pamoja, yakavutwa kwa nguvu kwenye mbao za 2 kwa 2 na kupakwa chokaa. Isiwekwe jikoni lakini, ni chakula cha moto. Na matundu ya hewa yawe chini ya dari. Fundi mmoja aliyaweka juu yake, yakawa yanapeperusha mabati tu.

Pili, zibeni hewa ya chini. Mlango ukiwa na nafasi ya vidole viwili kwa chini, upepo utapita sakafuni ambako watoto wanacheza. Kizingiti kidogo cha simiti au kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa chini ya mlango kinamaliza neno. Baridi izuiliwe chini, hewa ipitie juu.

Tatu, tumieni jua, maana halina bili. Kwetu hapa karibu na ikweta jua la mchana hupita utosini, kwa hivyo kuta zinazochomwa ni za mashariki na za magharibi. Mahali pa baridi, chumba cha kulala kikiwa na ukuta mnene upande wa magharibi, ukuta utakunywa joto la jioni na kulirudisha polepole usiku. Pwani na kando ya ziwa, fanyeni kinyume: geuzeni nyumba ili kuta fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Ukuta wa udongo mnene, ule tunaouonea haya mbele ya wageni, hutunza joto kuliko mbao.

Anayetaka moto sebuleni na ajenge dohani. Itokeze juu ya kilele cha paa angalau futi 2, la sivyo upepo utasukuma moshi urudi ndani. Bomba la mabati likipita kwenye paa lisiguse mbao wala nyasi, kwa maana huwa jekundu. Acheni nafasi ya kutosha pande zote na mfunike kwa bati pana. Masizi yasafishwe, yakijaa yanaweza kushika moto. Na kumbukeni, dohani inatoa hewa tu kama kuna nyingine inayoingia. Ukiziba chumba kabisa, moshi utakugeukia.

Jikoni ni neno zito zaidi, kwa kuwa akina mama na watoto wadogo wako huko kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani ulileta vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hapa Kenya, kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na jamii za Kajiado na magharibi mwa nchi kutafuta njia za kupunguza moshi. Walijaribu madirisha makubwa zaidi, nafasi chini ya paa, na kofia ya mabati inayoning'inia juu ya moto huku bomba lake likitoka nje ya paa. Kofia hizo zilisaidia sana katika nyumba za Wamaasai, ambazo madirisha yake ni madogo mno.

Kofia ya namna hiyo fundi wa mabati yeyote sokoni anaweza kuikunja. Iwe pana kuliko jiko, na ishuke chini kadiri mpishi anavyoweza kuvumilia bila kugonga kichwa. Hapa mwulizeni mpishi mwenyewe. Nimeona wazee wakipima urefu wa kofia na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusonga ugali. Kama pesa hazijatosha, anzeni na dirisha mkabala na mlango, na kuni zikaushwe tangu kiangazi, kwani kuni mbichi ni moshi mtupu. Jiko la udongo lililojengewa kama lile la Upesi hupunguza kuni, lakini bila njia ya moshi bado macho yatalia.

Mwisho, vyuma na mbao. Nunueni fremu kabla ukuta haujafika usawa wa dirisha, ili fundi ajenge kufuata fremu. Ukijenga kwanza, utabomoa au utajaza vipande. Linta juu ya nafasi ya dirisha iingie ukutani angalau inchi 6 kila upande. Mbao za fremu ziwe zimekauka. Mti uliopasuliwa juzi utajipinda na mlango utakataa kufunga kabla ya Krismasi. Mlango mzito ni bawaba tatu, si mbili. Kama vioo ni ghali sasa, wekeni dirisha la mbao linalofunguka kabisa; kioo kitakuja mwaka mwingine. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokijua kiliacha kupeana pesa taslimu kwenye mzunguko, kikawa kinapeana dirisha moja kila mwezi. Mwaka ulipokwisha hakukuwa na mwanachama aliyebakia na gunia dirishani.

Kuna jambo la grili ambalo silimalizi bila kulitaja. Tunaogopa wezi, tunachomelea vyuma kila dirisha, halafu usiku tunatia kufuli mlangoni kwa ndani na ufunguo unalala mfukoni mwa baba. Moto ukiwaka karibu na mlango, mtatokea wapi? Katika kila nyumba dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili yenye bawaba, inayofunguliwa kutoka ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anapajua lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Mlango wa usiku ufungwe kwa komeo, si kwa kufuli.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: chagueni nyumba tatu za wanachama, moja ya mbao au udongo, moja ya mawe, na moja ambayo ingali inajengwa. Chukueni futi kamba. Pimeni sakafu na madirisha, mhesabu kama yanafika sehemu moja kwa kumi. Hesabuni matundu yaliyo wazi na yaliyozibwa kwa matambara. Mwulizeni mwenye nyumba jiko hulala wapi mwezi wa Julai. Ile inayojengwa itembeleeni kwanza, na fundi awe hapo, kwa sababu tundu la hewa leo ni kuacha tofali moja tu, na mwaka ujao itakuwa ni nyundo na patasi.